Ghubari Juu ya Mbata

Juzi, nyumbani Mambrui, binti yangu alinivuta leso akanionyesha wingu lililosimama juu ya bahari, jeupe kileleni, jeusi tumboni. "Mama, lile laitwaje?" Mama yangu, aliyekuwa ameketi barazani, nguo alizofua zikiwa bado kambani, akaweka kidole mdomoni.

Kidole kile nakijua. Nilipokuwa na umri wa binti yangu, marehemu bibi alianika mbata uani, na kwetu ilikuwa mwiko kulitaja wingu la mvua wakati nazi ziko juani. Ukilitaja umeliita. Alasiri hiyo ua mzima ulinukia nazi inayoanza kukauka. Wingu likapanda mpaka likauficha mnara wa msikiti. Bibi aliliona. Mama aliliona. Wote wawili wakainamisha macho. Radi iliponguruma kwa mbali, nikasema, "Ghubari hilo, bibi."

Matone yakaanguka kabla sijafunga mdomo. Mbata zikarowa zote.

"Omba radhi," bibi akaniambia.

Sikuomba. Niliamini kweli kuwa mvua ile nimeileta mimi, na moyoni nikajiona mkubwa kuliko wote pale uani.

Leo najua wingu halina masikio. Najua pia kuwa watu wazima wawili walilitazama likija wakanyamaza, na nazi zingeokoka lau mmoja wao angesema mapema.

"Laitwa ghubari," nilimjibu binti yangu, kwa sauti ya kumfikia Mama. "Litaje nawe."

Akalitaja waziwazi, na Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kambani kuanua nguo.