Picha Aliyoishusha Jackie

Jirani yangu Jackie Nangala alizaliwa katikati ya Australia, kwenye jangwa la mchanga mwekundu, kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kuchora kwa nukta, kwa kijiti kilichochovywa rangi. Aliolewa na Sheldon, fundi mitambo wa Houston aliyekuwa akifanya kazi kule, wakahamia hapa Gulfton, mtaa wa Houston, Marekani. Tulijuana kazini, tukihudumia wazee. Sisi Wakongo tulimwona mweusi tukamsalimia Kiswahili, akajifunza kuitikia.

Huchora akiwa amekaa sakafuni, turubai limelala mbele yake, analizunguka kama mtu anayepalilia.

"Hiki ni kisima cha upande wa bibi yangu," aliniambia siku moja. "Nina haki ya kukichora. Yaliyo chini ya nukta ni ya wanawake wetu. Nukta zinayafunika."

Mwaka jana mwenye duka la sanaa huko Sugar Land, mji wa jirani, alimwomba picha ile aionyeshe. Naye aliuliza maana, akajibiwa vilevile. Siku ya ufunguzi Jackie alivaa kitenge nilichomshonea, anacheka njia nzima.

Kando ya picha tulikuta kibao kikisema eti hiyo ni siri ya nyoka aliyeumba dunia. Mlangoni kulikuwa na vizulia vya kufutia miguu, vimechapwa nukta zilezile. Mama mmoja alikuwa anapangusa viatu juu ya kimoja. Jackie alimwomba asogee, akakiokota.

"Nani alikuruhusu?" alimuuliza mwenye duka.

"Ni matangazo tu. Watu wanataka hadithi. Usipowapa, nani atalijua jina lako?"

"Jina langu nalijua mwenyewe. Wewe unawafutisha watu miguu kwenye kisima cha bibi yangu!"

"Ukiishusha hiyo picha, hakuna atakayeonyesha kazi zako tena katika mji huu."

Jackie akanigeukia. "Clothilde, dada, shika upande huo."

Nikashika. Tukaishusha mbele ya wageni wote. Vizulia navyo akavibeba kwapani. Mwenye duka akatoa simu, anatishia kuita polisi.

"Waite," Jackie alisema. "Nitawaeleza nukta hizi ni za nani."

Hakuwaita.

Nyumbani Sheldon alishika kichwa. "Ungenyamaza kidogo tu, mke wangu."

"Bibi alikatazwa kusema lugha yake, akaisema. Mimi ninyamazie kizulia?"

Kweli, maduka yalimfungia milango. Jackie akaanza kutundika picha zake kila Jumamosi kwenye ukingo wa ngazi za jengo letu, watu wanasimama na mifuko ya sokoni, wanatazama. Binti yangu Christelle alimuuliza kuna nini chini ya nukta.

"Si yako hiyo, mpenzi. Tazama za juu."

Meneja wa jengo ameshakuja mara kadhaa kumwambia aziondoe. Jackie humkaribisha chai, halafu anatundika nyingine.