Baba Aliposhushwa Gari

Juzi hapo Ukunda nilipita mbele ya gereji ambako mafundi walikuwa wameinjika sufuria ya chai ya iliki katikati ya vyuma vyao. Harufu ile ya grisi na iliki iliponifikia puani nilisimama njiani kama mtu aliyeitwa jina lake. Hivyo ndivyo alivyonukia baba yangu. Wenzangu baba zao walinukia samaki, au udi wa Ijumaa; wangu alinukia safari.

Baba, Bakari jina lake, alikuwa dereva wa trela katika kampuni moja ya uchukuzi. Alipakia kontena bandarini Mombasa, akalifikisha Kampala, mara nyingine Kigali. Mimi na mama tulikuwa kwetu Msambweni, tukimpata siku mbili na kumkosa wiki tatu. Nitawaambia ukweli: nilipokuwa na miaka minane sikumjua sawasawa. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu ileile niliyompa mwalimu wa madrasa, kisha nikajibanza nyuma ya mama mpaka atoe ndizi za Uganda mkobani. Mama alikuwa na msemo wake, na aliusema akicheka: "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa ni hilo trela."

Basi asubuhi moja nilikuwa nikifagia uani, nikamwona baba anakuja kwa miguu, kabla ya siku zake. Amebeba godoro jembamba la kitanda cha garini, chupa ya chai, na jiko lake dogo la gesi. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Alilitazama lile godoro kwanza, ndipo akamtazama mwenyewe.

"Umeshuka?" akamwuliza.

"Nimeshushwa," baba akajibu.

Mimi nilidhani ameshushwa matatu; sikujua kwamba dereva akishushwa gari amesimamishwa kazi. Nilimpokea chupa, nikafurahi.

Siku mbili zikapita, zikawa nne, ikawa wiki, na baba haondoki. Siku za mwanzo hakuweza kulala kitandani. Alisema ni kipana mno, anapotea. Alilala mkekani. Alfajiri, baada ya kuswali, alizunguka nyumba akigonga kwa kidole cha mguu magurudumu ya baiskeli ya jirani, kama alivyozoea kukagua gari lake. Alitupikia chapati za madereva, nene kama kandambili, mama akazila. Alinipeleka shule akinishika mkono, na njiani alinifundisha miji ya barabara yake kwa mpangilio, Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Makinon, Maungu, Voi, nami nikiiimba kama kaswida. Tuliposoma maulidi madrasani, alikaa safu ya mbele. Niliposahau mstari nilimwona midomo inamchezacheza, naye maskini hakuujua, lakini alikuwa akinisukuma.

Niliomba dua kila siku asirudi kazini. Cherehani ya mama ilipochukuliwa na jirani, niliamini ameiazima tu. Kuku walipopungua, nilimlaumu mwewe. Mama alipoanza kushona makuti ya watu tangu asubuhi hadi vidole vikamvimba, nilikaa karibu yake nikiimba miji yangu. Mtoto mwenye furaha haoni mbali.

Mwezi wa pili wa baba kukaa nyumbani ulipokuwa unakwisha, Jumamosi alasiri, tulisikia hodi. Mlangoni palikuwa na bibi mmoja Mduruma, mrefu, amefunga kanga kiunoni, na nyuma yake mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Bibi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na beberu aliyeonekana kuchukia dunia nzima. Walikuwa wametoka Taru. Bibi alituambia beberu alikuwa mtulivu mpaka Likoni. Kwenye feri alimpiga pembe bwana mmoja mwenye suti.

Mama aliwakaribisha, akawapa maji. Baba aliinamisha kichwa kama aliyefumaniwa.

"Huyu hamkuambiwa alichofanya?" bibi akaniuliza mimi, akimwonyesha baba kwa kidole, maana ndimi niliyemkodolea macho.

Ndipo akasimulia. Mkwewe, yule kijana mwenye mtoto, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Walikaa kando ya barabara kuu tangu jua linachomoza hadi likawa utosini, wakipunga kanga, na magari yanapita. Trela la baba lilikuwa linapanda bara, akasimama. Kampuni ilikataza kubeba abiria. Ilikataza zaidi kugeuza gari lenye mzigo, na hospitali ilikuwa nyuma, Mariakani. Baba aliwapandisha wote wawili, akatafuta pahali papana, akaligeuza trela zima. Hawajafika Samburu simu ikalia. Ofisini walikuwa wameliona gari kwenye mtambo wao wa kufuatilia magari.

"Nikamsikia," bibi akasema. "'Bakari, unakwenda wapi?' Naye akajibu, 'Narudi Mariakani. Nina mtu.' Hakusema zaidi."

Baadaye bibi alimwuliza kila dereva wa kampuni ile aliyesimama Taru, mpaka akaambiwa yule mwenzao ameshushwa gari. Hakungoja zaidi. Alikwenda Changamwe, Mombasa, na mkwe, mjukuu na yule beberu wa kumshukuru baba, akakaa langoni mwa kampuni hadi mkubwa akatoka.

"Nikamwambia, 'Bwana, kama kosa lake ni kubeba mtu, mtu mwenyewe ndiye huyu. Mtazame.' Nikamwekea mtoto mikononi."

"Akasemaje?" mama akauliza.

"Kabla hajafungua mdomo, mtoto akamkojolea."

Tulicheka mpaka mama akafuta machozi, na nadhani hayakuwa ya kicheko yote. Mtoto walimwita Emanueli Bakari; padri aliuliza mara mbili, bibi akamjibu mara mbili.

Wiki iliyofuata baba aliitwa kazini. Nililia, nikamkasirikia Emanueli Bakari kwa kunipokonya baba. Baba alichuchumaa mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "hata mimi sikutaka miezi hii iishe." Akachukua godoro lake.

Nilipokuwa mtu mzima, na watoto wangu, nilimwuliza mama kama alimlaumu kwa dhiki ile.

"Nilimlaumu siku mbili," akasema. "Nikamwambia, magari mengi yalipita, kwa nini usimame wewe? Akanikumbusha Bodo."

Hapo ndipo nilipoambiwa. Mimba yangu ilipofika mwisho mama alikuwa kwao Bodo, na baba alikuwa mpakani Malaba, amekwama na mzigo. Aliyemkuta mama njiani, akigaagaa kwa uchungu, ni mtu wa pikapu ya samaki. Aliteremsha makreti yake yote mchangani, akamlaza mama, akamkimbiza hospitali ya Msambweni. Samaki wake walioza. Baba aliporudi alimtafuta mwezi mzima, Bodo, Shirazi hadi Gazi, asimpate.

"Baba yako aliniambia hivi," mama akasema. "'Yule wa samaki hatukumjua hata jina. Nisingesimama Taru, ningemshukuru vipi?'"