Mgiriki wa Kaloleni

Msiniulize baba yangu alifanya kazi gani. Nimekaa naye miaka ishirini na minne katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Kaloleni, na bado mtu akinibana nababaika. Fomu za shule zilikuwa na nafasi ya kujaza kazi ya baba. Nilipoandika kwamba anafundisha Kigiriki cha kale, mwalimu wa darasa aliniita mbele akaniuliza kama namchezea.

Baba yangu, Mzee Bwire, mtoto wa fundi wa reli kutoka Busia, aliingia chuo cha wachungaji akitaka kuwa mchungaji. Mwaka wa kwanza akafundishwa Kigiriki, na uchungaji ukaishia hapo. Chuo kikamwajiri kulifundisha somo hilo, na wanafunzi wakaliogopa kama ukoma. Kufikia 1994 alibaki na wanne, na mkuu wa chuo alishaanza kuleta habari za kompyuta. Baba hajali. Anakata maboksi vipande vipande, anaandika neno moja kila kipande, anavibana kwenye kamba ya nguo sebuleni. Ukitaka kwenda jikoni, unainama chini ya vitenzi.

Mama yangu Nabiswa, muuza mitumba wa soko la Gikomba, hakuchoka kumfokea: "Wenye lugha hii walishakufa. Sasa wewe unamwandikia nani?" Baba anacheka tu. Jirani yetu Mativo alituletea pasipoti ya mwanawe, akiamini baba ana watu Ugiriki wa kumpatia viza. Tulimweleza wiki mbili, na sidhani alielewa. Wala sisi tuliomweleza hatukuelewa.

Basi Agosti mwaka huo, Bedan, mchumba wangu wa Buruburu, akaleta watu wake kubisha hodi ya posa. Nilimpenda Bedan mpaka chakula hakipiti. Lakini wazee wake kutoka Nyeri walikuwa wamekataa mara mbili: msichana wa magharibi, kabila jingine, hatumjui. Ghafla wakakubali kuja, na sikujua kwa nini. Nilimshukuru Mungu tu.

Wakaingia. Shosho Warigia, nyanya yake Bedan, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Padri, tubariki."

Baba akatazama nyuma yake kuona padri ni nani.

Kumbe Bedan aliwaambia kwao kwamba baba yangu ni mtu wa Kigiriki. Na familia yao yote ni ya Othodoksi, kanisa ambalo wazee wa huko bado wanaliita la Kigiriki. Wakadhani ni padri wao, na ndiyo sababu wakanikubali. Mama akamfinya baba paja, nilimwona. Nami, Mungu anisamehe, niliomba anyamaze.

"Mimi si padri," baba akasema. "Hata kanisani kwenu sijawahi kuingia. Nasoma tu vitabu vya kale."

Mzee Mugo, baba yake Bedan, akamtupia mwanawe jicho baya. Shosho ndiye aliyeamua. "Kama unasoma, sikia hii sala ya Kigiriki ya kanisani. Nimeiimba tangu Uhuru, sijui inasema nini. Ukiniambia, tutaendelea kuongea."

Akaimba mistari mitatu kwa sauti nyembamba. Nikamgeukia baba. Alikuwa ameduwaa.

"Sijaelewa hata neno," akasema.

Miaka ishirini na minane ya Kigiriki, jameni. Baadaye alinieleza kwamba yeye alikijua cha kitabuni, hakuwahi kumsikia mtu akikiimba. Wakati ule nilitaka ardhi inimeze. Mugo akaanza kutafuta kofia yake.

"Mama, rudia polepole," baba akamwambia Shosho. Akachomoa kipande kimoja kwenye kamba, akakigeuza. Shosho akarudia. Baba akaandika, akafuta, akanong'ona peke yake, huku sisi tukitazamana tu na chai ikipoa.

"Mstari wa kwanza unawaombea walio safarini," akasema mwishowe. "Wa pili, walio kifungoni."

"Kifungoni?"

"Ndiyo, mama. Waliokamatwa."

Bedan alikuwa ameniambia kwamba babu yake, mumewe Shosho, alichukuliwa na askari wakati wa Mau Mau, hakurudi, na kaburi lake halijulikani.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimwombea," Shosho akasema. "Kila Jumapili, na sijui." Akajifuta macho kwa leso. "Na wa tatu? Huo unasema amefika salama?"

Chumba kizima kikamsihi baba kwa macho. Uongo mmoja mtamu tu, bibi wa watu apumzike, nami niolewe. Baba akakisoma tena kile kipande.

"Wa tatu siujui, mama. Maneno yamelika kwa kuimbwa. Nisikudanganye."

Nikafumba macho.

"Kila niliyemuuliza maana yake alinijibu papo hapo," Shosho akasema, "na kila mmoja na lake. Huyu ndiye wa kwanza kusema hajui." Akamgeukia Mugo. "Kaa chini. Huyu akisema binti yake ni mtu mzuri, mimi nitamwamini."

Mugo akakaa. Wakaanza habari za mbuzi na tarehe, mama akaleta chapati, Bedan akanikanyaga mguu kwa furaha. Baba peke yake hakusikia lolote. Alikuwa amesogeza kiti hadi magotini pa Shosho, kalamu mkononi.

"Ule wa tatu tena, mama," alikuwa akimwambia. "Polepole."