Jicho la Mama Kioo

Mama Kioo alianzia kwenye majeneza. Msishtuke, kazi ni kazi, na wateja wa kazi ile hawapungui. Alikuwa bado binti, anasugua msasa na kupaka vanishi kwenye karakana ya mtu wa majeneza, na majeneza yake yaling'aa hivi kwamba waombolezaji walijiona nyuso wakiwa katikati ya kilio. Jina la Kioo lilianzia hapo. Fundi wa magitaa alikuwa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta. Siku moja akaja kuazima kipande cha msasa laini, na kesho yake akaja kukirudisha. Jamani, nani amewahi kuona mtu anarudisha msasa? Mtu wa majeneza alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, huyo hajafuata msasa," alimwambia. "Jiandae."

Wakaoana, naye akahamia upande wa pili wa ukuta. Mume alikata mbao, akazipinda kwa moto, akazigundisha. Gitaa likishapata umbo alimkabidhi mkewe likiwa kavu, linaparuza mkono, na tangu hapo halikuwa lake tena mpaka ling'ae. Wakapata binti mmoja, akakua akinusa vanishi, akaolewa mbali. Wao wakabaki wawili, na nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na uwanja mdogo: karakana mbele, kitanda nyuma, katikati kamba ya nguo.

Sasa, mbao nzuri zina vinyweleo. Mkangazi unavyo, mninga unavyo, wazi kabisa kama vya ngozi ya pua. Ukipaka vanishi bila kuviziba, vanishi inazama humo, na gitaa linabaki na vishimo hata ulipake mpaka uchoke. Lazima vizibwe kwanza. Mama Kioo alijaribu kila walichojaribu wenzake, mwishowe akatua kwenye epoksi, ile gundi ya chupa mbili, moja ya gundi yenyewe na moja ya kuigandisha.

Lakini epoksi nazo si moja, na hapa ndipo alipomtia mumewe kichaa. Ile ya haraka iliganda kabla hajamaliza mgongo wa gitaa, tena imejaa mapovu. Ile ya kumwagia meza, nyeupe kama maji, ilibaki laini ndani, na mbao chini yake ilionekana kama kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Ya tatu ilikuwa ya watu wa mashua: nyepesi, inachelewa kuganda, ina umanjano kidogo. Alipaka vipande vya mbao, kila kimoja na yake, akaviweka juani, akakataa kusema lolote mpaka mvua zije na ziishe. Wateja wanapiga simu, mume roho juu.

"Mama, ipi sasa?"

"Subiri. Leo zote nzuri. Nataka kuona itakayoaibika."

Mvua zilipokwisha, mbili zikaaibika. Vinyweleo vilirudi juu kidogokidogo, vikaonekana ukiinamisha kipande kwenye mwanga. Ile ya mashua haikusogea, na chini yake mkangazi ulikuwa umeamka, una joto, unataka kuguswa. Basi hoja ikaisha. Tangu siku hiyo mume hakuchagua kitu bila kumuuliza. Mbao ipi, shati lipi, hata posa ya binti yao ilipokuja, alimgeukia mkewe. Akawa anawaambia watu bila haya kwamba yeye ana mikono tu, macho yake yako kwa mke wake. Wanaume wenzake walimcheka. Yeye wala.

Kosa la Mama Kioo lilikuwa dogo, na ni kosa la watu wa kazi ile tu. Alivaa glavu, ndiyo, lakini kila glavu aliikata ncha ya kidole cha shahada. Macho hayatoshi, alisema, kinyweleo kilichojaa na kilichokaribia kujaa vinatofautishwa na ngozi. Jioni kidole kikinata, alikisafisha kwa thina ya rangi, akijiona msafi. Kumbe thina inaisindikiza sumu ndani. Miaka mingi hakikutokea kitu, na hilo ndilo linalonikera mimi ninayesimulia: kwamba mwili ulinyamaza muda wote ule, ukimhesabia.

Ulipoacha kunyamaza, ulipiga kelele. Kwanza muwasho katikati ya vidole, akailaumu sabuni. Kisha malengelenge. Kisha asubuhi moja akaamka macho hayafunguki, uso umevimba, mume akamshika mkono mpaka hospitali kama kipofu. Daktari, mama mmoja mtaratibu, aliuliza maswali mengi kuhusu chupa zile, akamtazama usoni.

"Mwili wako umeikataa, mama. Na ukishaikataa hauikubali tena. Si hii tu, epoksi yoyote. Hata vumbi lake."

Mume hakukubali. Kichwa ngumu kama nini! Aliamini mahali fulani iko epoksi ambayo mkewe ataivumilia. Akaleta isiyo na harufu, mkewe akavimba. Akaleta iliyoandikwa salama kwa vyombo vya chakula, mkewe akavimba shingo, na akapona chupuchupu. Hapo akashika adabu. Akasema kazi ya kuziba ataifanya mwenyewe, na mama asikanyage karakana.

Akafanya hivyo. Lakini epoksi ikishaganda lazima isuguliwe, na ikisuguliwa inatoa vumbi laini kuliko unga, na vumbi halijui mlango. Alioga uwanjani, akabadili nguo, akanyoa ndevu alizozipenda. Bado, akijilaza karibu na mkewe, ngozi ya mama ilianza kuwaka. Mwishowe mzee akatandika godoro karakanani. Walikula chakula kimoja, yeye nje, mkewe ndani, wakiongea kupitia dirisha kama mfungwa na mgeni wake. Sitaki kusema nani alikuwa mfungwa.

Mama Kioo alijikaza. Mchana alicheka naye, akamtania kwamba sasa ni wachumba upya. Lakini kitanda kilikuwa kikubwa mno. Alimkosa mume wake mtu mzima yule, uzito wake, kukohoa kwake, miguu yake ya baridi aliyokuwa akiigombeza. Alimkosa mpaka akawa anazichukia zile chupa mbili alizozichagua mwenyewe.

Siku moja mzee akaja dirishani na vipande viwili vya mkangazi. Alikuwa ameoga, kasimama mbali kidogo na kioo kilichofungwa.

"Nimepata dawa nyingine ya kuziba," alisema kwa sauti ya juu. "Ya maji. Haina epoksi hata tone. Nimeiweka muda wa kutosha. Hiki cha kulia ndiyo hiyo, cha kushoto ni ile yetu. Mimi naziona sawa, lakini wewe unajua macho yangu. Ipi?"

Aliviinua, akavigeuzageuza kwenye mwanga kama alivyofundishwa.

Mama Kioo aliona palepale. Hata kupitia kioo aliona. Kipande cha kulia kilikuwa kimeanza kuzama. Mistari miembamba, mifupi, mtu mwingine asingeiona kwa mwaka mzima, lakini ilikuwepo, na kiangazi kikiingia ingekuwepo zaidi. Alimtazama mumewe, mikono juu, uso umekaa kama wa mtu anayesubiri matokeo. 

"Cha kulia," alisema.

"Una hakika?"

"Nimeshawahi kukosea?"

Mzee aliruka, nawaambieni, mtu mzima aliruka! Chupa za epoksi zikatolewa, karakana ikaoshwa kuta na sakafu, na godoro likarudi nyumbani. Mama Kioo alimgombeza miguu yake ya baridi, akalia kidogo kwa furaha, na mzee akamfuta uso bila kuogopa vidole vyake mwenyewe.

Kiangazi kikaja. Mpiga gitaa mmoja, mtu wa maneno machache, aliingia na gitaa lake jipya, akaliweka mezani bila salamu. Mgongo mzima ulikuwa na vishimo. Mzee akaomba radhi. Kisha likarudi lingine, na lingine. Waliokuwa wameagiza wakaanza kusema watafikiria. Hakuna aliyemtukana, na afadhali wangemtukana. Simu ikapunguza kulia, kisha mzee akawa anaiinua mwenyewe kuangalia kama ina chaji.

Mchana mmoja alirudi ndani na gitaa mojawapo, akakaa kitini karibu na mkewe. Alipitisha kiganja juu ya mgongo wake, taratibu, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Mama."

"Naam."

"Siku ile pale dirishani. Uliona?"

Angeweza kusema hapana. Kioo kilikuwa na vumbi, jua lilikuwa kali, yeye ni mgonjwa. Sababu zote zilimjia mdomoni. Lakini yule ndiye mtu aliyemkabidhi macho yake, na alikuwa amechoka kuyabeba.

"Niliona," alisema. "Niliona wazi. Nilitaka urudi ndani, mume wangu. Sikuweza tena peke yangu. Nilitaka tu urudi."

Mzee aliligeuza gitaa, mgongo ukaelekea chini. Hakukasirika. Mama Kioo alikuwa amejiandaa kwa hasira, angejua la kufanya nayo.

"Ungeniambia nirudi," mzee alisema, "ningerudi. Siku hiyohiyo. Ningevunja zile chupa nikaenda kumpigia msasa yule wa majeneza, wala nisingenung'unika. Mimi nilikuuliza habari ya mbao."

Mama Kioo akajifunika uso kwa upande wa kanga. Alilia kuliko alivyolia siku ya daktari, maana mambo ya siku ile hakuyafanya yeye. Mzee aliweka gitaa chini, akavuta kiti, akamshika bega. Hakumwacha siku hiyo, na hakumwacha baadaye. Analala upande wake wa kitanda mpaka leo, anamletea maji, anamwita mama kwa sauti ileile.

Ila wiki iliyopita alikuwa anatoka kwenda msibani. Mama Kioo alikuwa amekaa kitandani, akamwona akifungua sanduku la nguo, akatoa mashati mawili, akayashika moja huku na moja huku. Mama Kioo akasubiri aulizwe. Mzee aliyatazama yale mashati kwa muda, akavaa moja, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaaga vizuri, akaenda.