Jinsi jina langu liliuza chanjo mbovu Othaya na mimi nikiwa Karatina

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa hapa jukwaani na wale husoma tu bila kuandika.

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi. Leo nimeona watu hapa wakibishana kuhusu hizi software za ofisi, ati zinaleta uwazi, ati kila mtu anaona kila kitu. Damu ikanichemka. Nitaeleza kile kilinipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wako hai na wengine ni wakali.

Ilikuwa 1999, Nyeri mjini.

Nilikuwa karani kwa kampuni ya kuuza dawa za mifugo, mbegu na chanjo za kuku. Ofisi kubwa ilikuwa Nyeri, juu ya duka letu. Halafu tulikuwa na matawi Othaya na Wang'uru, na Karatina ilikuwa ndiyo inafunguliwa.

Mwenye kampuni tulimwita Mzee. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, haongei sana. Mambo ya kila siku alimwachia Meneja. Huyo nitamwita hivyo hivyo, Meneja. Hastahili jina.

Mzee alienda semina Nairobi akarudi na kitu kipya. Kuna kampuni huko ilikuwa inakodisha ukurasa kwa internet. Kila tawi linapiga simu na modem, linafungua ukurasa, linaingiza jina na password, na hapo mnaona kitu kimoja nyote. Kulikuwa na sehemu ya notisi, kalenda ya kuandikisha magari na vifaa, na mahali pa kuweka barua.

Vijana wa leo mtacheka. Lakini wakati ule, Nyeri, hiyo ilikuwa kama uchawi.

Mimi ndiye nilikuwa nimesoma computer kidogo, kwa hivyo nikaambiwa nifundishe wengine. Na nilipenda hiyo kazi, siwadanganyi. Nilikuwa nawaambia watu kwa kiburi kabisa: "Ukiandika Nyeri, Wang'uru anaona papo hapo. Unaweza kutumia kutoka mahali popote!"

Kumbukeni hayo maneno yangu. Yalinirudia vibaya.

Meneja alitoa amri mbili. Ya kwanza, simu ni ya dharura tu, notisi zote ziende kwa ukurasa. Ya pili, kila mtu amwandikie password yake kwa kitabu ambacho alikuwa anafungia kwa drawer yake. "Mimi ni meneja," alisema. "Hakuna siri kwa team."

Niliandika yangu. Sote tuliandika. Ungekataa vipi?

Sasa, kisa chenyewe.

Wikendi moja stima ilipotea Nyeri kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni. Kwa kawaida hiyo haikuwa shida. Tulikuwa na jenereta ya kushikilia friji ya chanjo.

Jumatatu nilifika saa mbili asubuhi. Pick-up ilikuwa imeshaondoka na cool box za Othaya na Wang'uru. Nikafungua friji kuandika temperature vile nilikuwa nafanya kila Jumatatu.

Ndani ya hiyo friji kulikuwa na kipimajoto kinachoacha alama ya joto la juu kabisa kilichofikia. Alama ilikuwa mbali sana na pale inafaa kuwa. Pakiti za barafu zilikuwa bado maji, hazijaganda tena. Nikashuka kwa mlinzi.

"Jenereta haikuwashwa?"

"Jenereta gani?" akaniuliza. "Hiyo ilibebwa Ijumaa jioni. Imerudishwa leo asubuhi."

Sikungoja kujua ilibebwa na nani. Chanjo ya Newcastle, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ikishapata joto hivyo, ni kama kumpa kuku maji. Na mkulima hawezi kujua kwa macho. Chupa inabaki vile vile, safi.

Nilipanda juu mbio, nikaingia kwa ukurasa, nikaandika: CHANJO YA KUKU ILIYOTUMWA LEO ISIUZWE. FRIJI ILIPATA JOTO. RUDISHENI YOTE NYERI. Nikaweka jina langu, Nyambura. Nikamwambia pia Meneja kwa mdomo, na akaitikia, "Sawa, vizuri, umefanya kazi nzuri."

Saa sita mchana nikatumwa Karatina siku tatu, kufundisha wafanyikazi wapya.

Najua kuna mtu tayari anaandika comment: mbona hukupiga simu Othaya? Ndugu yangu, hilo swali nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko wewe. Niliamini ukurasa. Nilikuwa nimewafundisha wengine wauamini, ningeanzaje kuutilia shaka mimi?

Wiki tatu zikapita.

Siku moja asubuhi mama mmoja akaingia ofisini na gunia. Alikuwa Mama Kanyi, kutoka upande wa Othaya. Yeye na wanawake wengine kumi walikuwa na kikundi cha kuku wa mayai. Walikuwa wamejenga banda pamoja, wakianza na kuku wachache wa kila mtu hadi likajaa.

Hakusalimia mtu. Alimwaga gunia hapo mbele ya meza yangu. Kuku saba, wamekauka, shingo zimepinda.

"Hawa ni wa leo," akasema. "Wa jana tumezika. Mliniuzia nini?"

Nilijua papo hapo ni chanjo gani.

Mzee akaitwa. Meneja akaja na shati lake jeupe, akamwangalia yule mama kwa huruma nyingi, akafungua computer mbele yetu sote. Akarudi nyuma hadi notisi za ile Jumatatu.

Ile notisi yangu haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na hii: CHANJO YA KUKU ILIYOTUMWA LEO IKO SAWA. ENDELEENI KUUZA. Na chini yake, Nyambura.

Wakuu, niliisoma mara mbili.

"Si mimi niliandika hii," nikasema.

"Jina ni ya nani?" Meneja akauliza.

"Ni yangu, lakini..."

"Password ni ya nani?"

"Yangu. Lakini hata wewe uko nayo!"

Akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma. "Mzee, unaona? Sasa ati ni mimi."

Nikasema hiyo siku mchana nilikuwa Karatina. Na hapo akanimaliza. Akasema, "Karatina si kuna computer? Si ni wewe ulitufundisha ati mtu anaweza kuandika kutoka mahali popote?"

Mama Kanyi alikuwa ananiangalia tu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Karani wa Othaya akaulizwa. Akasema ukweli wake: siku hiyo ilikuwa ya soko, alifungua ukurasa saa tisa, akaona iko sawa, akauza. Sikumlaumu.

Mzee akaniambia niende nyumbani hadi nitakapoitwa, na niandike barua ya kuomba msamaha kwa kikundi cha Othaya, nikubali kosa. Nilimwambia kwa heshima, "Mzee, nitawapa pole. Lakini kosa si langu na sitaandika ni langu."

Nikaenda nyumbani kwetu Giakanja. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Kanisani Jumapili mama mmoja akamuuliza mama yangu, na mimi nimesimama hapo karibu, "Ni huyu wako aliua kuku za watu?"

Mama yangu akajibu, "Huyu wangu hajaua kitu." Lakini tulipofika nyumbani akanivuta jikoni, akaniuliza polepole, "Niambie tu mimi. Ni wewe?"

Hiyo iliniuma kuliko kusimamishwa kazi.

Nikaanza kufikiria. Othaya waliuza. Nyeri tulizuia, kwa sababu niliambia watu wa duka kwa mdomo, ingawa sasa waliogopa kunitetea mbele ya Meneja. Wang'uru je? Mbona hakuna mkulima wa Mwea, upande huo wa Wang'uru, aliyekuja na gunia?

Jumanne nikaenda Wang'uru.

Duka letu huko lilikuwa chini ya Micere, mwanamke mnene wa sauti kubwa, ambaye alikuwa anakaa katikati ya magunia ya mbolea ya mpunga kama yuko sebuleni kwake. Aliponiona akasema, "Ngai! Nyambura! Mbona umekonda hivi? Na mbona uliandika vitu mbili tofauti?"

"Vitu gani mbili?"

"Asubuhi ati isiuzwe. Kesho yake naona ati iko sawa. Nikapiga simu Nyeri nikuulize, Meneja akashika, akasema umetoka, niuze tu. Mimi nikakataa. Nikasema nitangoja wewe mwenyewe. Hiyo dawa iko kwa friji mpaka saa hii."

Nikamshika mikono. "Micere, uliona ile ya kwanza? Kwa macho yako?"

"Kwani naona na masikio? Iko hapa."

Sikilizeni hii. Line ya simu ya Micere ilikuwa mbaya. Mvua ikinyesha kidogo, imekufa. Kwa hivyo alikuwa anaingia mara moja tu saa tatu asubuhi akifungua duka, anaprinti ukurasa wote, notisi na kalenda, anakata simu, halafu siku nzima anasoma kwa karatasi. Alikuwa anatoboa hizo karatasi na kuziweka kwa file. Sisi wa Nyeri tulikuwa tunamcheka kwa sababu ya hiyo tabia. Mimi nikiwa mbele.

Akafungua file kwa meza. Ile Jumatatu ilikuwepo, na tarehe na saa pale chini ya karatasi. Maneno yangu yote. ISIUZWE.

Nililia hapo hapo mbele ya wateja.

Micere akaendelea kufungua, akarudi nyuma hadi Ijumaa. "Na hii kalenda yenu mbona ilibadilika pia?" akauliza.

Ijumaa, dereva wetu alikuwa ameandikisha, vile sheria ya kampuni ilisema: PICK-UP NA JENERETA, MWEIGA, RURACIO YA MDOGO WA MENEJA, HADI JUMATATU. Kwa karatasi ya Jumanne iliyofuata, huo mstari haukuwepo. Umefutwa safi.

Kumbe ndivyo. Mtu alibeba jenereta ya friji ya chanjo ikapige muziki kwa sherehe ya mahari ya kwao. Stima ikapotea. Na badala ya kusema nimekosea, akaona heri kuku wa wanawake kumi na mmoja wafe na mimi niitwe muuaji.

Nilienda moja kwa moja hadi kwa Mzee, nyumbani kwake, nikiwa na ile file. Micere alifunga duka akaja na mimi. Hakuambiwa na mtu, alichukua tu leso yake na kufuli.

Mzee alisoma karatasi moja moja. Akaita dereva. Dereva akasema, "Ni ukweli, Mzee. Nilifikiri ulijua."

Meneja alipoitwa hakukana. Mnajua alisema nini? "Kulikuwa na shida ya communication."

Communication!

Sasa mnangoja niwaambie alifukuzwa. Hapana. Alihamishwa. Akapelekwa kufungua tawi jipya Embu, akiwa na cheo kile kile. Mzee akaniita, akaniambia kwa upole wake, "Nyambura, rudi kazini. Haya mambo ya ndani tuyaache ndani."

Nikamuuliza, "Na wale wa Othaya wataambiwa nini?"

"Tutawaandikia barua."

Nilijua hiyo barua haitaandikwa. Nikapiga photocopy za zile karatasi, nikaenda Othaya mwenyewe. Mama Kanyi alinipokea mlangoni, hakuniambia niingie. Nikamsomea zote, hapo nimesimama. Alipomaliza kusikia akachukua zile photocopy mkononi mwangu.

"Kwa hivyo alijua," akasema. "Alijua hiyo dawa ni maji, na akaacha tuwapatie."

"Alijua."

"Na ukanijia mpaka hapa kuniambia."

Akafungua mlango wote. Nikanywa chai.

Wiki iliyofuata wanawake kumi na mmoja walikuja Nyeri wakakaa kwa ngazi za duka letu na photocopy zao mkononi. Kila mteja aliyepita alisomewa. Siku ya pili, kabla ya saa nne, Mzee aliahidi vifaranga wapya kwa kikundi chote, na chanjo nzima. Siku walipokuja kuchukua, Mama Kanyi aliweka mkono wake ndani ya cool box, akashika barafu, ndipo akakubali ipakiwe.

Mimi niliandika barua ya kuacha kazi mwezi huo. Singeweza kukaa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa kwa hafla fulani Nyeri. Jamaa akasimama kuongea, akatambulishwa kama mmoja wa wale walioleta internet kwa biashara za Mount Kenya. Alikuwa Meneja. Akaongea dakika ishirini kuhusu teamwork na uwazi. Watu wakapiga makofi.

Baadaye akanijia akitabasamu. "Nyambura! Tulifanya kazi vizuri sana pamoja."

Watu walikuwa wamesimama hapo na soda. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe uliandika kwa jina langu, kuku wa watu wakafa. Hujawahi kusema pole. Nakungoja."

Akaangalia kiatu chake. Akasema ana simu ya kupokea. Akaenda.

Somo langu ni hili, wakuu. Hizo software zinaonyesha jina, hazionyeshi mkono. Password yako usimpe mtu, hata akiwa mkubwa kiasi gani, na akikulazimisha, andika mahali kwamba amekulazimisha. Kitu muhimu kiprinti. Na kama maisha ya mtu yako hapo, inua simu, amri au hakuna amri. Hilo la mwisho ni langu mwenyewe na nimelibeba.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna mwingine hapa jina lake limewahi kufanya kitu yeye mwenyewe hayuko? Na wale wa kusema ningesamehe, semeni pia, lakini kwanza mniambie mngemjibu nini Mama Kanyi akimwaga hilo gunia mbele yenu.