Mlima Haushukwi Kimya

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga imeshika masikio, nilipompakia baba yangu mdogo Kalisti kwenye pikipiki ili anipelekee posa Ilemba. Ninyi mnaonunua pikipiki siku hizi hapa Kizwite na kuteremka nazo bondeni mkijipiga picha kila kona, kaeni kidogo niwasimulie. Habari yenyewe si ndefu, mwanangu, na aibu iliyomo ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa fundi uashi, kijana mwenye mikono mizuri na kichwa kigumu. Pikipiki yangu niliinunua ikiwa imeshachoka. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo honi na taa vilifanya kazi injini ikiwaka tu. Ukizima injini, inabaki chuma kimya chenye magurudumu mawili. Petroli nayo wakati ule ilikuwa ya kutafuta, tukiuziwa kwa chupa kama mafuta ya kupikia. Na mimi nilikuwa bahili. Nalisema wazi, kwa sababu mke wangu atakuambia hata nisipokuambia.

Perpetua nilimfahamu nilipokwenda Ilemba, kule bondeni, kujenga darasa. Yeye alikwisha kukubali, lakini kwa wazee kukubali kwa binti ni mwanzo tu wa maneno. Baba yake, Mzee Zenobi, alituma ujumbe kwamba mshenga wetu aje Jumamosi, afike kabla ya chakula cha mchana. Nikajua pia kuwa kuna familia nyingine imeshabisha hodi kwake. Baba mdogo Kalisti ndiye aliyekuwa mshenga. Alivaa koti lake jeusi la kanisani, barua ya posa ameifunga kwenye nailoni na kuiweka mfuko wa ndani, na njia nzima alikuwa akiipapasa kuona kama bado ipo.

Tulipita Ntendo jua limeshapanda kidogo. Ukitoka hapo na kufika ukingoni, nchi inakatika ghafla. Nyuma yako ni uwanda wa Ufipa na mashamba yake ya ulezi na mahindi yaliyovunwa. Mbele yako ni bonde lote la Rukwa, chini kabisa, na ziwa limetanda jeupe mpaka macho yanachoka. Barabara inashuka kwa kujipindapinda, huku ukuta wa mlima, kule korongo. Kila kona mbili unahisi joto linaongezeka, mpaka unafungua kifungo cha koti. Nimeiona njia ile mara nyingi sana na sijaichoka mpaka leo.

Basi nikafanya walivyofanya vijana wote wenye pikipiki wa wakati ule, na naambiwa hata ninyi mnafanya hivyo. Nilizima injini, nikaweka gia huru, nikauachia mlima utubebe. Tulikuita kushuka frii. Tuliona ni ujanja mkubwa, kwamba kutoka ukingoni hadi chini hutumii hata tone. Baba mdogo akaniuliza mgongoni, "Mbona imezimika?" Nikamjibu, "Haijazimika, Baba. Napumzisha injini." Akaniamini, kwa kuwa hakuwa mtu wa pikipiki. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini kijana anapoteremka akisikia upepo tu masikioni hukumbuka methali gani?

Nikaanza kuangalia ziwa. Nilimwonyesha hata baba mdogo kwa kidole, nikabaki nimeshika usukani kwa mkono mmoja.

Kwenye kona yenye jiwe kubwa lililolalia barabara, alikuwepo mzee anasukuma baiskeli kupanda. Gunia la mchele limefungwa kwenye keria, yeye ameinama, kifua karibu kiguse usukani. Nilipomwona alikuwa hatua chache tu mbele. Nikabonyeza honi, haikulia. Nikakanyaga breki, zilikuwa zimepata moto kutoka juu na hazikushika vizuri. Mzee alisikia mkwaruzo wa tairi kwenye changarawe dakika ya mwisho, akajitupa mtaroni. Kikanyagio changu kikagonga gurudumu la mbele la baiskeli, ikaruka upande wa korongo na kunasa kwenye kichaka. Mimi nilisimama mbali kule chini kwa kuburuza miguu yote miwili.

Tulirudi mbio. Mzee alikuwa amekaa mtaroni, kiwiko kimechubuka, mchele umemwagika kutoka kwenye mpasuko wa gunia. Alikuwa anauokota. Hakunitukana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema neno lililonichoma kuliko tusi. "Sikukusikia, mwanangu. Mlima huu nimeupanda tangu ujana wangu, na pikipiki huwa nazisikia kona mbili kabla."

Jina lake Mzee Adolfu. Binti yake alikuwa amejifungua siku tatu nyuma huko Kasense, juu ya mlima, na yule mchele ulikuwa wa mzazi.

Baba mdogo Kalisti aliinama, akaokota mchele pamoja naye punje kwa punje, koti la kanisani likiburuza vumbi. Alipomaliza ndipo aliponigeukia. Sauti hakuipandisha.

"Mtu anayepanda na mzigo hutazama miguu yake. Macho ameshayatumia, amebaki na masikio. Wewe umeshuka umemnyima na masikio. Ulikuwa unapumzisha nini?"

Nikasema tu, "Baba, tunachelewa. Wanatungoja kabla ya mchana."

Akagusa mfuko wake wa ndani. "Barua hii haishuki mpaka mchele huu upande."

Nilidhani ni hasira, itapoa. Haikuwa hasira. Yeye alikaa juu ya lile jiwe kulinda baiskeli tuliyoitoa kichakani, na mimi nikampakia Mzee Adolfu na gunia lake, nikampeleka mpaka mlangoni kwa binti yake Kasense. Petroli yote niliyokuwa naibania, na nyingine niliyoinunua njiani, iliishia kwenye safari ile. Niliporudi kwenye jiwe jua lilikuwa la utosi. Baba mdogo akaniambia pikipiki ibaki, nisukume baiskeli mpaka kwa fundi kule juu. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, halizunguki, kwa hiyo ilinibidi kuliinua na kusukuma kwa gurudumu moja. Suruali niliyoshonewa kwa ajili ya posa ikapasuka gotini. Njia nzima yeye alitembea pembeni yangu akizungumzia bei ya mbegu.

Kule kwa fundi nilinunua chupa nyingine ya petroli, tukairudia pikipiki, tukafika Ilemba jioni. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, kimepoa na kuliwa na watoto. Mzee Zenobi alitupa viti bila maneno mengi. Mwanangu, nilikuwa nimeomba moyoni baba mdogo aseme tulipata pancha. Pancha ni jambo la kawaida, nani angeuliza? Lakini mshenga anaitwa mshenga kwa sababu maneno yake yanaaminiwa pande zote mbili. Alieleza yote: injini, honi, mzee, mchele, na kidole changu kikionyesha ziwa. Nilitazama sakafu. Nyuma ya pazia nilisikia kikombe kikiwekwa chini taratibu, nikajua Perpetua naye amesikia. Sijawahi kuona aibu kama ile tena.

Mzee Zenobi akauliza, "Baiskeli mmeiacha wapi?"

"Kwa fundi, kule juu," nikasema.

"Nani aliisukuma?"

"Mimi, Baba."

Aliipokea barua, akaiweka juu ya kabati la vyombo bila kuifungua. Akamwambia baba mdogo, "Kijana wako arudi mwezi ukiisha. Aje kwa miguu. Barua tutaisoma akifika."

Nilikasirika, sikufichi. Njiani wakati wa kurudi nilisema wananidhalilisha, kwamba kama hawataki wangesema. Baba mdogo akanijibu kwamba asiyetaka huirudisha barua, haiweki kwenye kabati.

Mwezi ulipoisha nikaenda. Nilipata lori mpaka Ntendo, kutoka hapo nikashuka kwa miguu, nikalala njiani kwa jamaa, na kesho yake nikafika Ilemba nimefura nyayo. Mzee Zenobi alinikaribisha vizuri, tukala pamoja, na barua hakuigusa. Asubuhi ya kuondoka mama mkwe wangu, ambaye bado hakuwa mama mkwe, akanipa debe la mchele nimpelekee mama yangu. Mzee akanisindikiza mpaka barabarani. "Ukifika juu na mzigo huo, utajua kwa nini nilikuita," akasema. "Sisi barua tutaifungua leo."

Nikapanda na lile debe kichwani. Mwanzoni nilikuwa nalitazama ziwa kila nikipumzika. Baada ya kona chache sikutazama tena kitu chochote zaidi ya vidole vyangu vya miguu. Shingo imekaza, jasho linaingia machoni, ninahesabu hatua. Karibu na lile jiwe, kitu kikapita ubavuni mwangu na kunivuta suruali. Sikusikia chochote. Ilikuwa pikipiki, imezimwa, inashuka frii, na kijana aliyeiendesha akageuka, akanipungia mkono na kucheka kwa furaha ya mtu mwenye siku njema.

Debe halikuanguka. Mimi nililitua, nikaketi chini. Kilichonitisha ni kile kicheko. Yule hakuwa mtu mbaya, na wala hakujua alichokaribia kukifanya. Alikuwa mimi. Niliketi pale nikalia, mwanangu, mtu mzima na debe la mchele, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapanda na kuni akaniuliza kama nimefiwa.

Perpetua nimeishi naye mpaka leo. Barua ile anayo yeye, kwenye nailoni ileile. Mzee Adolfu alikuja harusini kwa baiskeli yake, na yule mtoto aliyezaliwa Kasense sasa ana watoto wake mwenyewe.

Basi nikuambie ninachotaka kukuambia, maana magoti yangu hayapendi kukaa sana. Siku moja nilipiga hesabu ya petroli niliyookoa tangu ukingoni hadi kwenye lile jiwe. Haikujaa kikombe cha chai. Hicho kikombe ndicho nilichokiweka upande mmoja wa mizani. Upande wa pili alikuwepo mzee, binti yake, na mtoto wa siku tatu. Sasa wewe nenda ukalione bonde, ni zuri, mimi siyo wa kukuzuia. Lakini ukitaka kutazama ziwa, simama. Ukishuka, injini iwake, na honi ilie kabla ya kona, hata kama unadhani barabara ni yako peke yako. Na si barabarani tu. Ukipata kazi, ukipata cheo, ukapata siku zako za kuteremka, ujue kuna mtu anapanda njia hiyohiyo na mzigo, ameinamisha kichwa, naye hakuoni. Wewe ndiye unayemwona. Usimpitie kimya ukicheka.

Mungu akupandishe ukiwa na nguvu, akushushe ukiwa na akili. Wanaopanda wakusikie kutoka mbali, wakupishe kwa amani, na mchele wa kila mzazi ufike nyumbani.