Famau Aliikaza Juu ya Magadi

Hebu mtie machoni Famau anavyoingia Mkokoni mchana wa Alhamisi: mkono mmoja usukani, mwingine dirishani, na pikapu yake kuukuu imesimama juu juu kama mtu aliyepandisha kikoi avuke dimbwi. Matope ya manyunyu ya kwanza yameishia magurudumuni. Famau anatabasamu peke yake, ingawa kila shimo linamrusha mpaka kofia inagonga dari, na huko chini kuna kitu kinalia kwii, kwii, tangu alipotoka nyumbani Kililana.

Alikuja kumchukua mama yake, Bi Swafiya, akakae kwake Kililana wakati wa masika. Mwaka jana pia alimchukua, masika yalipokuwa yamekolea, wakafika kwenye bonde la matope, tumbo la gari likakalia tuta la katikati ya njia, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Bi Swafiya alishuka, akavua viatu, akalikusanya buibui lake mkononi, akatembea mpaka pakavu bila kulalamika. Alipofika pakavu ndipo akasema kwamba ndani ya gari lile hatapanda tena, na masika yajayo atayakaa kwake Mkokoni, peke yake, na paa lake linalovuja. Na yule mama, msomaji wangu, akisema jambo, limesemwa.

Kwa hiyo Famau akaagiza vifaa vya kuinua gari kutoka Mombasa: springi nne zilizopinda zaidi ya zile za zamani, shokabzoba ndefu, na mfuko wa bolti na bushi, zile pete za mpira zinazovishwa bolti. Fundi wa magari hakumtafuta. Yeye ni fundi wa mashua, mtoto wa fundi wa mashua, na nati ni nati.

Kazi aliifanyia uani. Jeki ilizama mchangani mara mbili, mara ya tatu akaitandikia kipande cha ubao wa mashua, ikatulia. Gari lilipopanda akaliwekea magadi, ile miti ya kukisimamisha chombo pwani kisilale ubavu. Jirani aliyepita akauliza litashuliwa majini lini, na kama limeshapewa jina.

Mkewe, Huwaida, alikaa juu ya ndoo na karatasi ya maelezo, iliyoandikwa Kiingereza, akimsomea na kumfasiria. Siku mbili walikwenda vizuri, yeye akisoma, Famau akifungua na kufunga. Walipofika mwisho, Huwaida akarudia mstari mmoja kwa macho.

"Hapa yasema bolti za springi zisikazwe sana mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, uzito wote uwe chini."

"Chombo hukazwa kikiwa juu ya magadi," Famau akasema kutoka chini ya gari. "Kikishaingia majini utakaza nini?"

"Hiki si chombo, Baba Ruba."

"Kinabeba watu, hakibebi?"

Akazikaza zote kwa nguvu zake zote, magurudumu yakiwa yananing'inia. Huwaida hakubishana. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye kikasha cha gari, akasema ipo humo siku atakapoitaka.

Basi ndivyo alivyofika Mkokoni. Bi Swafiya alitoka, akaizunguka pikapu taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe. Akasimama penye mlango. Sakafu ya gari ilimfika kiunoni.

"Umelinyanyua gari, mwanangu," akasema, "mimi ukanisahau huku tini."

Famau akaitazama sakafu ya gari, kisha kiuno cha mama yake. Kweli, njia nzima alipima matope, hakupima mama. Akaegemea bodi, gari likalia kwii. Bi Swafiya, aliyeishi na mumewe fundi wa mashua miaka arubaini na kumshikia kamba, akauliza bolti zilikazwa wapi. Famau akamwambia: juu ya magadi, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake.

"Babako alikaza chombo nti kavu kwa kuwa baharini hakukaziki. Hili, ndia yake ya kupita ni nti kavu. Wakimbilia nini kukaza kabla halijasimama?"

Hapo ndipo Famau alipofungua kile kikasha na kuitoa karatasi ya mkewe. Hakuisoma, aliitazama tu, akairudisha. Akajitia uvunguni, na jeki safari hii haikuhitajika, maana nafasi ilikuwepo tele. Akazilegeza bolti zote, akapanda nyuma, akarukaruka kama mtoto mbele ya mama yake. Mpira wa bushi, uliokuwa umenyongwa siku zote hizo, ukajinyoosha. Springi zikalala mahali pake, gari likashuka vidole viwili. Akarudi chini, akakaza tena. Alipolisukuma, kimya.

Bi Swafiya naye akalisukuma, kuhakikisha. Bado lilikuwa juu. Famau akaleta kreti la samaki, akalipindua mbele ya mlango, akalikanyaga kwanza yeye ili mama aone halitikisiki. Mama akaingia nyumbani mwake, akakaa kitambo, akatoka na kifurushi kimefungwa kwa leso, si kikubwa, chaweza kubebwa kwapani.

Akaweka mguu mmoja kwenye kreti. Famau akamshikia mlango. Masika yanaingia wiki ijayo na hukaa miezi miwili. Sasa niambie wewe uliyekuwa nami tangu mwanzo: kifurushi kile kilikuwa cha masika yote, au cha kwenda kuwaona wajukuu na kurudi?